Nafanyia kazi nyumbani ila nyumbani wananiona nipo nipo tu, naombeni ushauri

BintiSegerea:

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Nina jambo linanisumbua kwa miezi minne sasa na nimeona nililete hapa maana najua wengi wenu mnapigia kazi nyumbani.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka miwili, tumepanga Tabata Segerea, vyumba viwili na sebule, upande wa pili kuna mpangaji mwenzetu na LUKU tunatumia moja. Naifanyia kazi kampuni ya utalii iko Arusha, kazi yangu ni kujibu imeili za wageni na kuwapangia safari, yaani mgeni anaandika kutoka Marekani anataka siku sita, Tarangire, Serengeti, Ngorongoro, mimi namtengenezea ratiba na bei yote mpaka senti ya mwisho, viingilio, malazi, gari, mafuta, dereva. Mwaka jana wakafunga ofisi ya Dar tukaambiwa kila mtu akafanyie kwake, tukapewa laptopu na hela ya bando kila mwezi. Nilifurahi jamani siwezi kuwaficha, maana nilikuwa natoka Segerea kwenda Posta kila siku, saa 11 na nusu alfajiri niko kituoni, usiku narudi mtoto ameshalala.

Sasa hali yenyewe. Mama mkwe alikuja kutoka Muheza kutusaidia mtoto. Ni mama mzuri, nampenda, na naomba mtu asije hapa kumsema vibaya. Ila kwake yeye mtu aliye kazini ni yule aliyevaa akatoka mlangoni. Mimi niko kwenye meza ya chakula, basi nipo. "Mama Imran hebu mshike mtoto nikaoge." "Mama Imran angalia mboga isiungue." Mgeni akipiga hodi mimi ndiye nafungua, mtu wa gesi mimi, wifi akipiga simu anaongea na mama nusu saa halafu simu inaletwa kwangu nimsalimie. Kila kimoja ni dakika tano tu, ndiyo maana nashindwa hata kulalamika, maana ukikitaja kimoja kimoja unaonekana mkorofi.

Kilichonifanya niandike ni Jumanne iliyopita. Nilikuwa namalizia bei ya familia ya watu wanne, nimefika Ngorongoro, nimeandika viingilio, nimeandika pa kulala, boza la maji likafika. Kijana wa boza anapiga honi, mama anaita, tenki letu liko nyuma na mfuniko wake ni mzito umeharibika bawaba lazima mmoja aushike, nikaenda nikaushika mpaka maji yakajaa, nikalipa, nikarudi nimelowa mikono nikajifuta kwenye kanga nikaendelea na mstari unaofuata. Ule mstari wa ada ya gari kuteremka kreta, lile bonde la Ngorongoro lenye wanyama, nikawa nimeuruka. Gari moja kuteremka kule ilikuwa dola 250, ukiweka VAT inafika 295. Bei ikaenda, mgeni akakubali siku ile ile akalipa malipo ya awali, kesho yake bosi ananiuliza kreta iko wapi humu. Huwezi kumrudia mgeni ameshalipa ukamwambia ongeza karibu dola mia tatu, kwa hiyo kampuni imebeba. Bosi hakunifokea, alisema tu "hii sio kawaida yako". Bora angenifokea.

Na jingine, mpangaji mwenzetu anasema tuongeze elfu 25 kwenye mchango wa LUKU kila mwezi kwa sababu mimi nashinda na feni na laptopu.

Nimejaribu kufanya kazi usiku, nalala saa 8 usiku mtoto anaamka saa 11, wiki mbili tu nikaumwa. Nimejaribu hedifoni, mama anakuja kunigusa bega. Nimejaribu kukaa kitandani chumbani, mgongo unauma na usingizi unakuja. Mliopita hapa mlifanyaje? Naipenda hii kazi na sitaki kuipoteza.

kijana_wa_Kimara:

Pole sana dada. Mimi kwangu nguo ndio zilinisaidia. Asubuhi naoga navaa shati na suruali ya kazi kabisa na viatu, natoka mpaka kwa mama wa chapati pale kona, nakunywa chai, narudi, na nikirudi nimeingia kazini. Wanangu walizoea ndani ya wiki moja, baba akiwa na shati yuko kazini, akiwa na bukta yuko nyumbani. Haina gharama, jaribu. Ukishinda na kanga hata wewe mwenyewe unajiona uko nyumbani, sembuse bibi wa Muheza.

MamaWawili_Mtoni:

Marahaba mwanangu. Mimi sina laptopu, nina cherehani, na huu ni mwaka wa 17 nashonea nyumbani kwangu huku Mtoni Kijichi, kwa hiyo hilo unalolisema nalijua vizuri sana. Watu siku hizi wanaongea kufanyia kazi nyumbani kama kitu kipya kimekuja na intaneti, lakini mjini hapa mama wa maandazi, msusi, fundi, wote wanafanyia kazi nyumbani miaka yote, na wote wameitwa kushika mtoto katikati ya kazi.

Wewe umeruka mstari, mimi nilikata mikono miwili ya gauni la bibi harusi yote ya kushoto. Lesi ya mteja, kaileta mwenyewe kutoka Kariakoo, nimeikunja nimeweka chaki, mkono wa kwanza nimekata vizuri, dada wa mkaa akaita nikatoka kupokea gunia, nikarudi nikageuza kitambaa vibaya nikakata. Niligundua wakati wa kuunga. Nilizunguka Kariakoo siku mbili natafuta lesi ile ile, nimeikuta duka la nne mtaa wa Kongo, nimelipa mfukoni mwangu na faida ya gauni yote iliishia hapo. Usiku ule nililia.

Sasa nikuulize, mama mkwe umemweleza kazi yako ni nini? Sio kumwambia "mama nafanya kazi", hilo kashalisikia. Kaa naye chini ukiwa umepumzika, mwoneshe. Mwambie huyu ni mgeni yuko ng'ambo, anataka kuja kuangalia wanyama, mimi ndiye namhesabia hela, na nikikosea hivi hasara yake ni hii. Itaje kwa shilingi, usiseme dola. Dola 295 hazimwambii kitu mtu wa shamba, lakini mwambie ni zaidi ya laki saba zimepotea kwa mfuniko wa tenki, atashika kichwa. Mimi mama yangu mzazi alinielewa siku nilipomwonesha ile mikono miwili ya kushoto, nimeitandika kitandani nikamwambia mama hebu angalia.

Halafu mwanangu, muage. Wewe ulipokuwa unakwenda Posta ulikuwa unaaga, si ndio? "Mama mimi natoka." "Haya kazi njema mwanangu." Siku hizi unahama tu kutoka kwenye chai kwenda kwenye kompyuta, meza ni ile ile, yeye atajuaje kama umeondoka? Nenda mpaka alipo, hata kama yuko uani anachambua mchele, mwambie mama naingia kazini, nitatoka saa 7 kula. Akishakujibu kazi njema mwenyewe ataona uzito kukuita, maana kakuruhusu kwa mdomo wake. Na saa 7 ukitoka mpe habari, mwulize za tangu asubuhi, mtoto kalaje, kama mtu aliyerudi kweli. Usitoke ukakimbilia sufuria. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanaaga wakati wa kuingia lakini wakitoka hawarudi kwa watu wao, mzee anaona anaaga ili amkwepe.

Na mimi nina pazia la kanga mlangoni pa chumba cha kushonea, likishushwa niko kazini, likifungwa fundo juu karibuni. Hata watoto wa jirani wanajua.

DadaMkubwa_Sinza:

Nimesoma uzi wote sijaona mume ametajwa hata mara moja. Mume yuko wapi? Mama ni wake, mtoto ni wenu wote. Kwa nini mkwe ndiye aende kujieleza kwa mama wa mtu? Mume akae na mama yake amwambie mke wangu yuko kazini kuanzia saa 2 mpaka saa 10 asisumbuliwe, imeisha. Tunawabebesha wanawake kila kitu, hela alete yeye na ruhusa ya kuitafuta hiyo hela akaombe yeye.

Mtanga_asilia:

Dada Mkubwa hoja yako naielewa na ina ukweli, ila mimi ni mtu wa huko huko na nakuambia mume akianza yeye kumwambia mama yake "usimsumbue mke wangu", kesho alfajiri mama kashafunga mizigo anataka apelekwe stendi, na huko Muheza itafika habari kwamba mkwe kamkataza hata kuita ndani ya nyumba ya mwanawe. Mama wa watu hajafanya kosa, anaita mtu anayemwona. Aanze binti kwa adabu kama alivyosema mama yetu hapo juu, halafu mume aongezee siku nyingine kwa kumsifia mkewe tu, "mama huyu mwenzangu mshahara wake ndio umelipa kodi ya miezi mitatu hii". Mzee akisikia hivyo toka kwa mwanawe atamlinda yeye mwenyewe.

BintiSegerea:

Asanteni sana. Mama wa Mtoni umenigusa, kweli tangu ofisi ifungwe sijamuaga mama hata siku moja. Dada Mkubwa, mume wangu anatoka saa 11 anarudi saa 3 usiku, yuko bandarini kwa shifti, ananiunga mkono lakini hayupo wakati mambo yanatokea. Nitaongea naye pia. Haya mambo ya LUKU je?

Fundi_Wati:

Nimefurahi umeuliza, maana hili ni la hesabu na hesabu haigombezwi.

Laptopu ya kawaida ikiwa inafanya kazi za ofisi inakula kama wati 50, mara nyingi chini ya hapo, usiangalie namba kubwa iliyoandikwa kwenye chaja, ile ni uwezo wake wa mwisho. Feni ya kusimama nayo wati 50 hivi. Jumla 100. Ukizitumia saa 8 kwa siku ni wati-saa (Wh) 800, yaani uniti 0.8. Siku 26 za kazi ni uniti kama 21. Hata tukihesabu kwa ile bei ya juu ya matumizi ya nyumbani, kama shilingi 356 kwa uniti ukishaweka kodi na tozo, inakuja shilingi 7,400 na kitu. Elfu 25 ni karibu uniti 70, laptopu na feni haziwezi kufika huko labda uziwashe mchana na usiku mwezi mzima.

Usiende kwa jirani na maneno, nenda na karatasi. Na mwambie pia ukweli mwingine, pasi ya wati 1,000 ikikaa nusu saa ni nusu uniti, birika la umeme nalo linavuta wati elfu na zaidi, kwa hiyo kama mnataka kugawana kwa haki basi muandike vitu vyote vya pande zote mbili. Baadaye kama mwenye nyumba anakubali wekeni mita ndogo ya kusomea matumizi upande wenu, ni kazi ya fundi ya siku moja na ugomvi unakufa. Mimi nimeona watu wamehama nyumba nzuri kwa sababu ya LUKU ya pamoja na ukipiga hesabu walikuwa wanagombania elfu tatu.

Kingine hujauliza lakini kitakukuta. Umeme ukikatika laptopu ina betri, inayokufa kwanza ni rauta. Nunua UPS ndogo ya rauta, zile kama kiboksi. Rauta nyingi ni volti 12 ampea 1, yaani wati 12, na kiboksi cha Wh 38 kinaipeleka saa tatu hivi ukitoa upotevu kidogo. Dukani watakutajia mAh (miliampea-saa), wewe uliza Wh, maana mAh bila kujua volti haikuambii umeme uliomo na ndipo watu wanapouziwa makopo. Kama huna hela sasa hivi weka bando kwenye simu, jifunze kuwasha hotspoti, na pawabanki iwe imechajiwa kila Jumapili usiku kama unavyopasi nguo.

msomaji_Changombe:

Naomba niongeze kitu kwa wanaodhani kufanyia kazi nyumbani ni nidhamu tu. Kuna utafiti ulifanyika China, kampuni ya Ctrip ya Shanghai, inauza tiketi na hoteli, yaani kazi inafanana na yako dada. Ulianza mwishoni mwa 2010 ukaenda miezi tisa. Walichukua wahudumu wa simu waliojitolea, wakagawa kwa tarehe za kuzaliwa, waliozaliwa tarehe shufwa wakafanyie nyumbani siku nne kwa wiki na witiri wabaki ofisini. Wa nyumbani utendaji ulipanda kwa asilimia 13. Asilimia 9 ilitokana na kufanya dakika nyingi zaidi ndani ya shifti, mapumziko machache na siku chache za kuumwa, na 4 ilitokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa kila dakika, wenyewe walisema kwa sababu nyumbani palikuwa na utulivu kuliko ofisini.

Hii asilimia 13 inatajwa sana mitandaoni na mabosi wanaipenda. Lakini wengi hawataji sharti lililokuwepo, ili uruhusiwe kushiriki ilikuwa lazima uwe na intaneti nzuri na chumba chako cha kufanyia kazi ambacho hakuna mtu mwingine wakati wa shifti. Kwa hiyo yale matokeo ni ya mtu mwenye chumba. Sisi wengi wa Tabata, Manzese, Mbagala, Gongo la Mboto hatuna hicho chumba, halafu tunajipima kwa matokeo ya watu wenye nacho na tukishindwa tunajiita wavivu. Dada wewe sio mvivu, unafanya kazi kwenye meza ambayo ni jiko, mapokezi na kitalu cha mtoto.

Na baadaye kampuni ilipowaruhusu kuchagua upya, zaidi ya nusu ya walioshiriki walibadilisha uamuzi, kuna waliorudi ofisini kwa sababu ya upweke. Waliobaki nyumbani kwa hiari faida ikapanda mpaka asilimia 22.

Kwa hiyo mimi ushauri wangu ni utafute chumba, hata cha masaa manne. Kuna jirani anayetoka kwenda kazini asubuhi na kuacha nyumba tupu? Kuna ofisi ya serikali ya mtaa, chumba cha madrasa au cha kanisa ambacho asubuhi hakina watu? Rafiki yangu alikuwa anampa mwenye saluni elfu 20 kwa mwezi akakaa chumba cha nyuma asubuhi, maana wateja wa saluni wanaanza kuja mchana. Maktaba Kuu pale Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ni tulivu kweli, ila huwezi kupokea simu mle na kutoka Segerea unarudi kule kule kwenye foleni.

kijana_wa_Kimara:

Mkuu wa Chang'ombe umenifungua macho, mimi nina chumba cha ziada ndio maana shati lilinitosha.

mhasibu_wa_alfajiri:

Dada mimi nakujibu kwenye lile kosa lenyewe, maana naona tumeongea ya nyumbani sana na kosa limebaki.

Kwanza, usihesabu bei kwenye ukurasa mtupu. Tengeneza jedwali moja kwenye kompyuta lenye mistari yote tayari, kiingilio cha watu, kiingilio cha gari, kuteremka kreta, malazi, chakula, mafuta, posho ya dereva, hata kama safari hiyo haihitaji unaandika sifuri. Mstari ukiwa mtupu jumla isitokee. Mimi nimekuwa mhasibu miaka 11 na nakuambia hata ukipata chumba kimya cha peke yako utakuja kuruka mstari siku nyingine, ukimya unapunguza makosa, haumalizi.

Pili, ukiitwa usiinuke kwanza. Andika kwenye karatasi kitu ulichokuwa unaenda kufanya, sio ulichomaliza. "Inafuata: gari kreta." Ni sekunde tatu. Ukirudi na mikono imelowa unasoma karatasi, hukisii. Mimi nina daftari la kaunta liko kulia kwangu siku zote kwa kazi hiyo tu.

Tatu, masaa. Wageni wako wa Marekani wanaamka saa ngapi? New York iko nyuma yetu saa 7 wakati wa kiangazi chao na saa 8 wakati wa baridi yao, kwa hiyo saa 3 asubuhi yao ni saa 10 au 11 jioni yetu. Asubuhi yako nzima hakuna mgeni wa huko anayesubiri jibu, wamelala. Basi asubuhi fanya bei, kazi ya kichwa, na zile imeili za "asante, tumepokea" ziache mchana ambapo hata ukiitwa hakiharibiki kitu. Mimi nimejipa jina la alfajiri kwa sababu naanza saa 11, nikishaswali silali tena, saa 11 mpaka saa 2 nimemaliza kazi ambayo watu wanaimaliza saa 8 mchana. Na kwa Dar hii kuna suala la joto, mwezi wa pili saa 7 mchana chini ya bati hata uwe na nidhamu gani kichwa kinachemka, usipange kazi nzito muda huo, utajilaumu bure.

Kuna ile njia ya dakika 25 kazi dakika 5 kupumzika, ya yule Mtaliano Francesco Cirillo aliyetumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Wengi wanaisifia na kwa imeili ni nzuri. Kwa bei kama yako mimi siipendekezi, dakika 25 zinaisha ndio umefika Ngorongoro. Chukua saa moja na nusu bila kukatwa, mbili kwa siku, na hizo mbili ndio za kumuomba mama akulindie. Kumuomba mzee akuache siku nzima ni ngumu kwake na kwako. Saa moja na nusu mara mbili kila mtu anaweza.

DadaMkubwa_Sinza:

Hii ya kuomba saa moja na nusu nimeikubali. Lakini bado nasema mume akiwa off ashike yeye mfuniko wa tenki. Na huo mfuniko utengenezwe, bawaba ni buku tatu.

BintiSegerea (baada ya siku 19):

Wakuu nimerudi, samahanini kwa kuchelewa, nilitaka nifanye kwanza ndio nije niseme.

Nilikaa na mama Jumapili jioni. Nilimwonesha picha za kreta kwenye laptopu, hajawahi kuiona, akauliza wanyama wanatokaje humo, tukaongea kama saa nzima. Halafu nikamweleza ile hesabu ya gari, nikaitaja kwa shilingi kama nilivyoambiwa. Alinyamaza. Akasema, "Na siku ile mimi ndio nilikuita." Nikamwambia mama hukujua, na mimi sikusema. Kwa kweli nilijisikia vibaya kumuona vile, mama wa Mtoni hukuniandaa kwa hilo. Lakini kesho yake nilipomuaga alinijibu "haya mwanangu kazi njema" kwa sauti ile ile aliyokuwa ananijibu nilipokuwa naenda Posta.

Sasa naaga saa 1 na nusu, nafanya bei mpaka saa 3, natoka nakunywa chai na mtoto, narudi saa 4 mpaka saa 5 na nusu. Vipindi hivyo viwili mama anakaa na Imran uani kwenye kivuli cha mwembe. Juzi alikuja mgeni, nikasikia mama anamwambia karibu ukae barazani, yuko kazini mpaka saa 5 na nusu. Yule mgeni akauliza kazini wapi, mama akamjibu hapo ndani. Mchana bado naitwa, wala sikatai, maana mchana najibu imeili tu.

Jedwali nimetengeneza, nimempelekea bosi, wenzangu wawili nao wanalitumia. Karatasi ya "inafuata" iko hapa kulia ninavyoandika.

Hayajanyooka yote. Imran akiumwa ratiba yote inavunjika, wiki iliyopita alikuwa na homa siku tatu, nilirudi kufanya usiku. Chumba bado sijapata, nimeongea na jirani mwenye saluni anataka elfu 40, naona nyingi. Mume wangu katengeneza bawaba, Dada Mkubwa.

Jirani wa LUKU nilimpelekea karatasi, alikaa nayo siku mbili akarudi na karatasi yake, kaandika mpaka taa za nje. Tumekubaliana naongeza elfu 8.

Fundi, nimepata ile UPS ndogo ya rauta, nimeuliza Wh kama ulivyosema, ni 38. Ila rauta yangu nyuma imeandikwa 12V 1.5A sio 1A, hesabu inabadilikaje?

Fundi_Wati:

Hapo ni wati 18 ikifanya kazi kwa nguvu zote, kwa hiyo weka matarajio ya saa mbili badala ya tatu, mara nyingi itazidi kidogo maana rauta haivuti mwisho muda wote. Kabla ya kuichomeka angalia UPS yenyewe kama inatoa ampea 1.5 na zaidi kwenye lile tundu la volti 12, kama inatoa 1 tu rauta itakuwa inajizima na kujiwasha, irudishe dukani ukiwa bado una risiti.